Kwa Zakar Kernak, Aliyetuachia Tanki la Kulia Limejaa

Mwaka umekatika, Zakar, tangu kindege chako chekundu kiangukie kwenye vichaka vya mierebi ng'ambo ya mto, karibu na nyumbani kiasi kwamba waliokuwa wakivua kwenye barafu waliwafikia kwa miguu.

Anayeandika ni mimi, mkeo Balasia. Mama yako Matrona amesomewa haya kabla hayajachapwa gazetini, na binti yetu Olinka ameyasoma, na kaka yako Inokenti pia. Inokenti alitaka yawe mafupi zaidi. Nimemwambia afupishe ya kwake siku akiandika.

Tunakukumbuka ulivyokuwa ukipeleka wagonjwa mjini Bethel, na wajawazito, na mbwa wa watu, na hata keki ya harusi ya mtoto wa padri wetu wa Kiorthodoksi, ambayo uliifunga mkanda kwenye kiti kama abiria. Hukurudi mikono mitupu hata siku moja. Betri za redio ya mama yako, sindano za kushonea ngozi, machungwa ya watoto wa shule. Ulikunywa chai yako umesimama dirishani ukitazama mawingu. Ulianza kucheka kabla hujamaliza kusimulia, kwa hiyo hadithi zako nyingi hatujui mpaka leo zinaishaje.

Na ulikuwa mwangalifu. Hilo ndilo kila mtu alilolisema kanisani siku ya mazishi. Siku moja padri alikuwa ameshapanda, amejifunga mkanda, ukamshusha na kumwambia mbingu haijafunguka, na akasubiri sebuleni kwetu mpaka akazoea mto wa kulalia. Shoka, kamba, mfuko wa kulalia, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, vyote vilikuwa nyuma ya kiti chako majira yote. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti, tena mbele ya watu, kwamba naweza kulala usingizi mume wangu akiwa angani.

Siku ile ulitoka na kaka yangu Nikifor, shemeji yako. Mlikwenda Bethel kuchukua vipuri na unga, mkaanza kurudi mchana. Nikifor alitolewa akiwa hai, nyonga imevunjika. Wewe ulikuwa umekwisha kwenda.

Mchunguzi wa ajali za ndege alikuja kutoka jiji la Anchorage, akiwa amevaa mabuti ya kuazima, akapiga picha zake akaondoka. Barua yake ilifika mwanzo wa kiangazi, wakati samaki wa kwanza wa salmoni wanaingia mtoni. Ilisema tanki la bawa la kushoto lilikuwa kavu kabisa, la kulia limejaa mpaka shingoni. Koki ya mafuta, ile ya kuchagua tanki, ilikutwa imegeuzwa kulia, lakini ilichelewa kugeuzwa. Rubani aliliacha tanki moja liishe akiwa anaruka karibu na ardhi, na injini haikupata nafasi ya kuwaka tena.

Mama yako alitaka nimsomee tena. Kisha akasema, "Huyo waliyemwandika hapo mimi simjui."

Nasi pia hatukumjua. Inokenti ndiye aliyekusaidia kumimina mafuta asubuhi ile, na alikuwa tayari kuapa mbele ya msalaba kwamba matanki yote mawili yalijaa. Sasa la kushoto lilikaukaje? Mtu mwangalifu hawezi kusahau koki. Basi kuna mtu aliyeyafanya mafuta yale yapotee, na mtu huyo yuko hai, anakula, anakuja kanisani. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuwatazama watu, Zakar. Tulianza polepole, tukazoea, na mwisho tulikuwa hatuwezi kumwona mtu anacheka bila kujiuliza anacheka nini.

Tulianza na Gasti, anayeuza mafuta kijijini. Inokenti alikwenda dukani kwake na kitambaa cheupe, akaomba ayachuje mafuta mbele ya wateja, atafute maji. Kitambaa kilitoka safi. Gasti alikunja kile kitambaa vizuri, akamrudishia, akamwambia kuanzia siku hiyo mafuta ya boti akanunue kwingine. Sisi tukasema, unaona, mtu asiye na neno angekasirika.

Baada ya hapo binti wa Gasti akajifungua, wa kwanza kuzaliwa kijijini tangu uondoke, na Gasti akampa kile kitoto cha kike jina lako, lile ulilopewa na bibi yako. Ilikuwa heshima, na ilikuwa haki, maana kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, marehemu amerudi. Lakini sisi tulisema ananunua amani. Mama yako, ambaye alipaswa kukipakata na kukiita mwanangu, alikataa kukishika. Alisema mikono inamuuma.

Kisha tukamgeukia fundi Dwight wa Bethel, yule mzungu aliyekuwa akikutengenezea injini. Majira ya baridi yale alikuwa amebadilisha kifuniko cha tanki la kushoto. Kifuniko kikilegea, mafuta yananyonywa na upepo, kila mtu huku anajua. Dwight alikuwa amekuja kwenye arobaini yako, akaketi chini pamoja na wanaume, akala supu na bakuli zima la akutaq, yale mafuta yaliyopigwa na matunda ya porini, akasema ulikuwa rubani mzuri. Lakini aliyasema hayo akiwa anaangalia bakuli. Nilikumbuka hilo nilipoipata barua. Nikakumbuka pia kwamba hakuwa peke yake. Siku ile kila aliyekusifu alikuwa anaangalia bakuli lake.

Na mwisho nikamfikia ndugu yangu mwenyewe.

Hospitalini, dawa za maumivu zikiwa bado kichwani, Nikifor aliniambia kwamba kabla tu ya ajali mlimwona mbweha mwekundu juu ya barafu, akageuza shingo kuwatazama. Nililishika neno hilo kwa sababu lilikuwa jambo la mwisho zuri ulilolitazama. Mchunguzi alipomhoji, Nikifor alisema alikuwa amelala, hakuona wala hakusikia kitu. Mimi nilikuwepo pembeni, nikitafsiri. Nikatafsiri kama alivyosema. Lakini usiku na mchana baada ya hapo nilikuwa na swali moja. Aliyelala anamwonaje mbweha?

Nilimweleza Inokenti, na Inokenti akalipeleka kwenye bafu la mvuke, na likishafika huko kati ya wanaume, kijiji kimepata. Wengine wakasema Nikifor ndiye aliyekuwa anaendesha. Wengine wakasema aliigusa koki kwa goti. Mwingine akasema mligombana angani. Mtu mzima anayetembea kwa fimbo akawa anapisha watu njiani, na watu wanampisha yeye.

Alikuwa akija kwetu kila mara, na yale maumivu yake. Aliacha kuni mlangoni. Aliacha samaki aliowavua chini ya barafu, wamesafishwa. Nilisema moyoni kwamba mtu asiye na deni haleti samaki namna hii. Mama yako aliwachukua wale samaki, akatoka nje nao, akawalisha mbwa, na alihakikisha Nikifor bado yuko njiani anaona.

Sikumwita kaka tena. Nilipomtaja nilisema "yule".

Sasa nikueleze la Januari, ambalo ndilo lililotufanya tuandike.

Kilikuwa kipindi cha baridi kavu, mbingu safi. Macho ya mama yako yalikuwa yamezidi kufifia na alikuwa na miadi ya daktari Bethel. Olinka aliazima kindege cha Inokenti. Usishangae, anarusha vizuri, na leseni yake unaijua, ulimfundisha mwenyewe. Kilikuwa pale mtoni juu ya barafu, kimevaa skii zake za kutelezea, Olinka ameshapasha injini moto akaizima ili tumpandishe bibi yake. Mama yako alikuwa ameketi kiti cha nyuma, amevaa koti la manyoya, amefungwa mkanda, uso tu ndio unaoonekana. Mimi nilikuwa nampa thermosi ya chai.

Nikamwona Nikifor anakuja juu ya barafu na fimbo yake, kwa haraka ambayo si nzuri kwa nyonga ile.

Hakunisalimu. Alipitiliza mpaka kwenye mlango wa rubani.

"Olinka, koki umeweka wapi?"

"Kushoto, mjomba."

"Na utaigeuza saa ngapi?"

Olinka alimwangalia kama mtu anayeulizwa jina lake. "Ikikohoa. Si ndivyo baba alivyonifundisha? Geji ya mafuta inadanganya. Injini ikikohoa ndiyo unajua tanki limekwisha kweli, na mafuta yako yote yaliyobaki unayajua yako wapi."

Zakar, mimi nilikuwa nimesimama pale na thermosi mkononi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo.

Nikifor aliutupa mkono kwenye ule mhimili unaoshikilia bawa, akaukumbatia. Nilimwambia atoke. Nilimwambia familia hii ameshaigusa vya kutosha.

"Sitoki," alisema. "Mkitaka washeni, mniburuze nayo."

Ndipo akasema yote, bila kutuangalia, shavu lake likiwa karibu kugusa chuma.

Hakuwa amelala. Mlikwenda Bethel kwa tanki la kushoto na mkarudi kwa tanki hilohilo, kama kawaida yako. Mlipopita kambi ya kuvulia samaki mawingu yalishuka, ukashuka nayo, ukafuata mto, mkawa chini kiasi cha kumwona mbweha anageuza shingo. Nikifor aliona geji iko chini kabisa. Akakuambia, shemeji, si ungegeuza sasa? Ukacheka. Ukamwambia bado lina kidogo, liache likohoe.

Likakohoa. Alisema mkono wako ulikuwa kwenye koki kabla kikohozi hakijaisha, hajawahi kuona mkono mwepesi kama ule. Lakini injini iliyomeza hewa inataka kupewa nafasi imeze mafuta. Juu, kule ulikozoea kufanya mchezo huo, nafasi hiyo ipo tele, mtu anaweza hata kumalizia mzaha wake. Pale chini palikuwa na mierebi.

"Ilianza kuwaka," Nikifor alisema. "Mama Matrona, unanisikia? Ilianza kuwaka. Pangaboi lilishaanza kushika. Ila miti ilikuwa imetufikia."

Kutoka ndani ya ndege mama yako alisema, "Nifungueni."

Tulimfungua mkanda, tukamshusha, Olinka huku na mimi huku. Nilidhani anakwenda kumpiga, na sikuwa na nia ya kumzuia. Alimsogelea mpaka akaweza kumwona vizuri, maana siku hizi lazima asogee sana.

"Nilikuja hospitali nikakuuliza," alisema. "Kwa nini uliniambia hakukosea?"

"Ulikuwa umenishika mkono, mama."

"Ungesema ndiyo. Ningelia nikamaliza. Badala yake nimewalisha mbwa samaki wako baridi yote."

Nikifor alianza kulia, na machozi yake yakaganda kwenye ndevu, na mama yako akayabandua kwa kidole gumba kama anavyowafanyia watoto. Kisha akamgeukia Olinka.

"Geuza hiyo koki."

"Bibi, la kushoto bado limejaa."

"Geuza niisikie."

Olinka aligeuza. Ililia tik. Mama yako akasema tena irudi, ikarudi. Akauliza kama inaweza kugeuzwa wakati tanki bado lina mafuta mengi, Olinka akasema inaweza, wakati wowote. "Basi sijui mlikuwa mnangoja nini," mama yako alisema. Halafu akamwamuru Nikifor apande, akae mbele, kazi yake iwe kuangalia koki. Nikifor hakuwa amepanda ndege tangu siku ile. Alipanda.

Nilibaki peke yangu kwenye barafu nikiisikiliza injini mpaka ikapotea. Ningependa kusema nilimwamini palepale. Sikumwamini. Nilikuwa nimeshazoea kutoamini, na mtu aliyedanganya mara moja anaweza kuleta hadithi nyingine nzuri zaidi. Olinka ni mtoto, nikasema, labda alielewa vibaya. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa Gasti.

Alikuwa anapanga makopo. Nilimuuliza kama aliwahi kuruka na wewe ukaliacha tanki likohoe. Aliendelea kupanga.

"Mara nyingi," akasema. "Mara ya kwanza nilikaribia kujikojolea. Alicheka mpaka Bethel."

"Na hukuniambia."

"Mama Olinka, ulikuwa unamsifu. Kila nikikuona ulikuwa unamsifu. Halafu akafa, ukazidi. Ningeanzia wapi? Na Inokenti yuko pale na kitambaa chake."

Nikaenda kwa mwalimu, kwa mkunga, kwa padri. Padri naye alikuwa amelisikia likikohoa, mwenzangu, siku uliyomrudisha kutoka mkutanoni, na alikuwa amesali zaburi nzima kabla injini haijarudi. Nikampigia simu fundi Dwight. Alisema alikukataza, ukamjibu yeye ni mtu wa ardhini. Kijiji kizima kilikuwa kimekisikia kile kikohozi. Mabakuli yale ya arobaini yalikuwa yanaangaliwa kwa sababu hiyo.

Na hapo ndipo uliponiumiza, Zakar. Hukulificha jambo hili kwa Gasti, wala kwa padri, wala kwa mtoto wako, ambaye ulimpa kama urithi. Ulinificha mimi. Kila niliporuka nawe koki iligeuzwa mapema, kimyakimya, na mimi nikakaa pale nikishona, nikajiona mke wa mtu mwangalifu. Ulijua ningekukataza. Ulijua pia ungenisikiliza.

Nimekukasirikia sana majira haya. Nilikuwa nikiweka vikombe viwili mezani, nikaacha kuweka chako kwa makusudi, ili ujue. Mama yako alikirudisha. Alisema ugomvi wa mke na mume usiingie kwenye vyombo.

Lakini najua kwa nini ulifanya. Hukuwa mzembe. Hukuiamini geji, ukataka kujua kwa hakika, na ukapata njia ya kujua ambayo ilikubali kila siku isipokuwa moja. Mkono wako ulikuwa mwepesi. Injini ilianza kuwaka. Nalirudia hilo nikiwa naosha vyombo, nikiwa naparua ngozi za kushona. Ilianza kuwaka.

Inokenti alikwenda kwa Gasti kuomba radhi. Alikaa dukani mpaka jioni bila kulitoa neno, akanunua vitu asivyovihitaji, na mwisho Gasti akamwambia, "Haya, nimesikia, nenda nyumbani." Mafuta ya boti sasa ananunua kwake. Kile kitoto chenye jina lako kimeanza kusimama kwa kushika meza. Mama yako anakiita mwanangu na kukigombeza kwa mambo uliyoyafanya wewe ukiwa na umri huo. Juzi alikisemesha kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, huku amekishika mikono, na hatukuuliza alikuwa anakiambia nini.

Olinka anageuza koki tanki likiwa bado na mafuta ya kutosha, tena anatamka kwa sauti, kushoto, kulia, hata akiwa peke yake. Na ninyi mnaosoma hapa mnaorusha vindege juu na chini ya mto huu, mnajijua. Wake zenu hawajui. Mimi ninapita nyumba kwa nyumba siku hizi, na mtu akimsifu rubani mbele yangu namuuliza amesikia nini huko juu. Wengine wamekuwa wakali. Mmoja alinifungia mlango. Huyo ndiye nitakayerudi kwake.

Jumapili hii kutakuwa na ibada ya kukuombea, na baada yake chakula nyumbani kwetu. Kuna supu ya ndege wa majini, na salmoni wa moshi wa mwaka jana, na samaki waliovuliwa juzi chini ya barafu. Mbwa hawatapata.

Unakumbukwa na mama yako Matrona, ambaye bado anasikiliza redio ya hali ya hewa kwa niaba yako. Na mimi mkeo Balasia. Na binti yako Olinka. Na kaka yako Inokenti na mkewe na watoto wao. Na Gasti na nyumba yake, pamoja na yule mdogo mwenye jina lako.

Na shemeji yako Nikifor, aliyekuwa nawe mpaka mwisho. Tangazo la ibada yako ya miezi sita tuliliandika bila jina lake. Leo tumeliandika, na kaka yangu amekaa hapa kando akihakikisha herufi.

Hutatutoka moyoni, Zakar, siku zote tutakazoishi.